Mafundi wa Magurudumu Chini ya Mlima Kenya

Aliyebuni kiti cha magurudumu hakuwa na habari ya Runyenjes. Pengine kichwani mwake mlikuwa na ukumbi wa hospitali, sakafu ya vigae na milango mipana. Runyenjes, ukiiacha tu lami ya barabara kuu iendayo Meru, umeingia kwenye udongo mwekundu unaoteremka hadi kijitoni, ukapanda, ukateremka tena, na nyumba za watu zimekaa juu ya migongo ya vilima, kahawa pande zote. Mvua ikinyesha, udongo huo hushikana na chochote kinachoukanyaga. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu adui wa gurudumu ni mchanga na kutu ya chumvi. Ukishuka ferini Likoni na kiti chako ukaingia vichochoro vya Mtongwe, utasukumana na mchanga mpaka mabega yakuume, lakini angalau uko tambarare. Huku juu, mtu aliyekaa kitini akiachilia mikono, kiti kinaondoka naye.

Mwenyeji wangu ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Watu wote humwita daktari, naye amechoka kuwasahihisha, kwa hiyo nami namwita hivyo hivyo. Kazi ya mshahara anaifanya hospitalini, na siku za mapumziko huzunguka Embu, Mbeere na Meru kuwaona watu wasiolipwa na yeyote: fundi baiskeli hapa, kina mama wa kanisa kule, mchomeleaji, mkata akala. Hao ndio wanaounda na kutengeneza viti, magongo na vifaa vingine vya wenye ulemavu. Ukiwaambia kwamba wao ni watu wa kujitolea watakutazama kidogo. Wao wanasema wanasaidia.

Nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu niliposoma matokeo ya sensa ya 2019. Kenya nzima, katika watu wa umri wa miaka 5 na zaidi, waliohesabiwa kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.2. Embu ilikuwa na asilimia 4.4, ikaongoza kaunti zote, mbele ya Homa Bay na Makueni. Kwa nini Embu, nchi ya chai, maziwa na hewa safi? Daktari akacheka. Akanikumbusha kwamba karani wa sensa hakuuliza kama wewe ni mlemavu. Aliuliza kama una shida kutembea au kupanda ngazi. "Mtu wa tambarare anaweza kuzeeka bila kujua kwamba goti lake limekwisha," akasema. "Huyu wa hapa analijua kila anapokwenda kuteka maji." Sijui kama wataalamu wa takwimu wataikubali hoja hiyo. Mimi, baada ya kupanda na kushuka mabonde mawili nikihema, niliikubali.

Fundi wa kwanza ana kibanda cha baiskeli chini ya mparachichi, na maparachichi yakidondoka juu ya mabati hakuna anayeshtuka ila mgeni. Tulikaribishwa chai ya maziwa, nzito, na nduma zilizochemshwa zikakatwa vipande vinene. Pwani chai bila mahamri na mbaazi huonekana imepungukiwa. Nduma hii, kavu, isiyo na nazi wala sukari, ilinichukua muda kuizoea, kisha nikaomba nyingine. Mbele yetu, juu ya gunia, kulikuwa na kiti cha magurudumu kimepinduliwa. Ni cha mama mmoja anayeuza ndizi sokoni. Gurudumu dogo la mbele, la kulia, lilikuwa limekwama kabisa.

Fundi akachomoa pini, akagonga kwa nyundo ya mbao, gurudumu likatoka. Akaligeuza ili nione ndani. Gololi zilikuwa zimesagika, hazina tena umbo la mviringo, na mahali pa grisi palikuwa na tope jekundu lililokauka. Kiti kile kilitoka ng'ambo kama msaada, na beringi zake zina kipimo ambacho maduka ya Embu hayana, wala ya Nairobi aliyoyaulizia. Angefanyaje? Alikuwa ameshafanya. Alichukua beringi ya pikipiki, kipande cha bomba la maji alichokikata kwa msumeno wa chuma kiwe bushi, akampelekea jirani yake mwenye mashine akachomelea mahali pawili. Shimo likawa sawa na beringi. Akapaka grisi, akakata mviringo wa raba kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaufunga mbele ya beringi kuzuia tope. Raba hiyo kiti hakikuja nayo.

"Bodaboda ndiyo mama wa spea," akasema, akilizungusha gurudumu kwa kidole.

"Na ndiyo mama wa wagonjwa wangu," akajibu Daktari.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Hakuna kituo cha biashara kutoka Embu hadi Maua kisicho na duka la vipuri vya pikipiki, na kwa sababu hiyo beringi, spoku, nati na grisi vimekuwa karibu kuliko wakati mwingine wowote. Na wodi za mifupa, mahali popote nchini, zimejaa vijana waliovunjwa miguu na pikipiki hizo hizo.

Fundi huyu hutoza kwa baiskeli, kwa mkokoteni, kwa wilbaro. Kwa kiti cha magurudumu hatozi. Nilidhani atanitajia dini au ndugu mgonjwa. Akasema: "Nikimtoza atakaa nyumbani. Akikaa nyumbani, nani ataniuzia ndizi?"

Kutoka Embu mjini kuelekea Siakago, nchi hubadilika huku ukitazama. Chai hukoma, kahawa hukoma, kijani hugeuka kijivu, na migunga inaanza ikiwa imening'inizwa mizinga ya nyuki. Huku ndiko Mbeere: maembe, ndengu, muguka, na jua ambalo lilinifanya nivue sweta na kujisikia nyumbani. Ardhi imelala zaidi, lakini ina mawe, na ina mchwa. Mchwa hao wataingia katika habari hii sasa hivi.

Katika ukumbi wa kanisa moja tuliwakuta kina mama wapatao kumi na mzee mmoja, seremala mstaafu, wamezungukwa na maboksi. Maboksi ya sabuni, ya mafuta ya kupikia, ya biskuti, yaliyoombwa dukani kabla hayajachomwa. Wanaunda viti vya watoto kwa karatasi. Kama msomaji ana shaka, nami nilikuwa nayo. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe kwa mwalimu aitwaye Bevill Packer, aliyetafuta kitu ambacho maskini wangeweza kukiunda kutokana na taka tupu, na umetembea nchi nyingi za Afrika kwa mikono ya kina mama na watu wa tiba ya viungo. Unapika unga na maji mpaka uwe gundi. Unabandika ubao wa boksi juu ya ubao wa boksi, mistari ya mmoja ikivuka mistari ya mwenzake, unaweka mawe juu usiku kucha. Ukishakauka unakata kwa kisu, tena kisu kikali, maana sasa umeshika kitu kigumu kama mbao. Miguu na mihimili ni karatasi zilizosokotwa kwa nguvu. Kisha kila ukingo na kila pembe hufunikwa kwa vipande vidogo vya gazeti vilivyochanwa kwa mkono. Vya kuchana, si vya kukata kwa mkasi: ncha iliyochanwa ina nyuzi, nazo hushika. Mwisho ni rangi ya mafuta, ili maji yasiingie.

Bibi mmoja, wote wakimwita cucu, aliona ninavyokitazama kigoda kilichokwisha. Hakusema neno. Akakivuta, akakikalia kwa uzito wake wote, akaendelea kuchana gazeti.

Mjukuu wake ana miaka sita na ana mtindio wa ubongo. Shingo yake hulegea na mwili hukakamaa ghafla akifurahi au akishtuka. Kiti cha magurudumu cha kawaida hakimfai kabisa. Angeteleza na kuishia chini. Daktari alikuja na futi ya fundi cherehani, akampima upana wa nyonga, urefu wa paja mpaka nyuma ya goti, na kimo cha kwapa, akimwimbia kwa Kimbeere huku mtoto akicheka na kukakamaa, akicheka na kukakamaa. Seremala aliandika vipimo kwenye ubao wa boksi wenyewe kwa kalamu ya risasi. Kiti cha mtoto mwingine hakitakuwa na vipimo hivyo, na hapo ndipo siri ya kazi hii ilipo. Nyonga zikibanwa vizuri na magoti yakikunjwa sawa, mgongo husimama, na mgongo ukisimama kichwa kinapata pa kukaa. Kichwa kikikaa sawa, mtoto humeza.

Hilo la kumeza sikuwahi kulifikiria. Miaka mingi cucu alimlisha mjukuu akiwa amelala mapajani, uso juu, kama tulivyolishwa wengi wetu tulipokuwa wachanga. Chakula kiliingia njia ya hewa. Alipaliwa karibu kila siku, na kila baada ya muda alilazwa kwa kifua. Tangu apate kiti chake cha kwanza, ambacho sasa kimekuwa kidogo, anakula mezani. "Na ameanza kukataa ndengu," cucu akalalamika, kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Mchwa ndio waliomaliza kiti kimoja walichokiunda mwanzo mwanzo. Waliingilia miguuni usiku, wakala gundi na gazeti, wakaacha rangi imesimama tupu. Sasa kila kiti husimama ndani ya makopo manne yenye oili chafu ya gari, na mama mmoja ana jukumu la kupita kwenye nyumba za wenzake kukagua makopo. Utaratibu huu hakuna kitabu kilichowafundisha.

Tulikula hapo hapo: mukimo wenye majani ya maboga, na hizo ndengu ambazo mtoto hazitaki. Mama mmoja alisema kuwa kabla ya kikundi, alikuwa akimfungia mwanawe ndani wageni wakija. Aliyasema hayo akipakua chakula, hakungoja kuhurumiwa, na mazungumzo yakahamia bei ya maembe.

Barabara ya kwenda Meru inapita mabonde mengi, na mto Nithi, ambapo dereva wetu aliacha kuzungumza mpaka tulipovuka. Julai 2022 basi liliacha daraja hapo likaua watu zaidi ya thelathini. Njiani kuna Chuka, na Chogoria upande wa mlima, ambako wamisheni wa Kiskoti walianza hospitali mwaka 1922. Sitakaa huko.

Igoji nitakaa kidogo, kwa sababu huko iko shule ya wasioona ya St. Lucy's, na kwa sababu ya mzee mmoja wa maeneo hayo, mwalimu mstaafu asiyeona, ambaye sebule yake ina mashine za kuandikia breli mezani, kitandani na chini ya kiti. Mashine hiyo, Perkins, ilibuniwa na David Abraham kule Marekani na za kwanza kutengenezwa zilitoka 1951; ina vitufe sita vya nukta, kimoja cha nafasi, na uzito wa karibu kilo 5. Ni chuma kitupu. Ndiyo maana hata ya miaka mingi iliyopita bado inafanya kazi, mradi kuwe na mtu wa kuitoa vumbi na kuiwekea springi. Mzee alifungua moja mbele yetu. Alipanga skrubu kwenye trei ya mayai, kila shimo na skrubu yake, akawa anapitisha kidole gumba juu ya meno ya chuma akisikiliza. Kitufe cha tatu kilikuwa kikirudi polepole. Akatoa kipande cha ufutio wa mtoto kilichokuwa kimenasa ndani, akanikabidhi nikitupe. Analetewa mashine na wazazi na walimu, wakipata cha kumpa wanampa, wasipopata anawaambia wamwachie ndizi. Wakati tunaagana aliniuliza kama ni kweli Mombasa watu hula viazi karai kwa ukwaju asubuhi. Nikamwambia ni kweli, na usiku pia.

Meru mjini, soko la Gakoromone lina kelele zinazomfaa mtu aliyetoka Kongowea. Daktari alinipeleka kwa mkata akala. Wasomaji wa Kenya wanazijua akala, sandali za tairi zilizochakaa zinazozidi umri wa mwenyewe. Fundi huyu hutoa katika tairi hilo hilo viatu vya magongo, yaani ile raba ya chini inayozuia gongo lisiteleze. Raba zinazokuja na magongo ya hospitali ni laini. Kwenye changarawe za Meru huisha upesi, bomba la alumini likatokeza nje, na gongo linalogusa jiwe lililolowa kwa chuma kitupu ni hatari kuliko kutokuwa na gongo. Alichovya kisu katika kopo la maji, kwa kuwa raba hukatika vizuri kisu kikiwa kimelowa, akakata mduara, akautoboa katikati bila kuufikisha mwisho, akauchonga pembeni uwe mpana chini. Kisha akaupigapiga kwenye gongo la kijana aliyesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo ya kibanda. Kijana alilijaribu kwenye maji yaliyomwagika mbele ya mwuza samaki. Halikuteleza. Akaondoka.

Mji mmoja, ambao sitautaja, tulifunguliwa stoo. Mlangoni kulikuwa na joto na harufu ya panya. Ndani, viti vya magurudumu vimepandana mpaka kwenye mabati, vingine bado vina nailoni kwenye mikono, na ubavuni vimebandikwa majina ya wafadhili. Vilikuja na hotuba na picha. Vingi ni vya kimo kimoja, cha mtu mzima mnene wa nchi nyingine. Gurudumu la mbele jembamba, linalozama kwenye udongo. Mto wa kukalia ni sponji nyembamba tu. Mtu aliyepooza kiunoni hasikii kwamba amekaa vibaya. Akikaa kutwa juu ya sponji ile, ngozi hukosa damu, kidonda hutokea, na vidonda hivyo huua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa viti vya magurudumu mwaka 2008, likasema wazi kwamba kiti kipimwe kwa mtu, mtu afundishwe kukitumia, na kuwe na mahali pa kukitengeneza. Stoo ile ni miaka mingi baada ya mwongozo. Nilikasirika, nikasema maneno. Daktari akanijibu taratibu kwamba yeye huja na spana, hung'oa magurudumu makubwa, rimu na nati, humpelekea fundi wa Runyenjes. "Hii ndiyo duka letu la spea," akasema. "Ila usiandike ufunguo anao nani."

Nyambene ni kijani cha aina nyingine. Miti ya miraa, mizee, ina vishina vinene vilivyopindapinda, na vijana hupanda juu kuchuma vikonyo. Mchana mji wa Maua unakimbia: miraa ikishachumwa haina subira, inafungwa kwa majani ya migomba, inapakiwa, na magari yanaondoka kwa mwendo ambao hata matatu za kwetu zingeyapisha. Huko huko Nyambene kuna Tuuru, ambako Wamisionari wa Konsolata walianzisha nyumba ya watoto waliopooza kwa polio. Maji ya nyumba hiyo hayakuwa salama, watoto wakaugua taifodi, ndipo Bruda Giuseppe Argese, Mwitalia ambaye Wameru walimwita Mukiri kwa ukimya wake, akaingia msitu wa Nyambene, akajenga bwawa Mukululu la kukusanya maji ya ukungu na chemchemi, akayateremsha kwa mabomba. Mabomba hayo yaliendelea kurefuka mpaka Igembe na Tigania zikanywa. Nchi nzima ya watu wenye miguu yao inakunywa maji yaliyotafutwa kwa ajili ya watoto wasiotembea, na nadhani wengi hawajui.

Karibu na Maua ndipo anapoishi fundi ambaye Daktari alikuwa amemweka mwisho makusudi. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Alianguka kutoka juu ya mti wa miraa akichuma, akavunjika uti wa mgongo. Kiti chake amekiunda mwenyewe kwa mabomba ya maji na magurudumu ya baiskeli, na mbele kina gurudumu moja tu, nene, limesogezwa mbali mbele ya miguu. Aliwahi kuona kiti cha namna hiyo kwa mtu aliyekipata Nairobi, kwenye karakana ya APDK, chama cha walemavu wa viungo kilichoanza 1958, akakitazama kwa makini jioni moja akakihifadhi kichwani. Maelezo yake ni haya: kiti chenye magurudumu madogo mawili karibu na miguu, likiingia shimoni moja, wewe unakwenda kifudifudi. Ukilisogeza mbele, uzito unabaki nyuma, na shimo unalipita. Breki ni wenzo wa chuma unaogandamiza kipande cha tairi kwenye magurudumu yote mawili kwa pamoja. Alitushukia kilima kutuonyesha. Vumbi lilipotulia alikuwa amesimama mahali alipokuwa ameweka kokoto kabla ya kuanza.

Nilimsimulia habari za Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, ambaye mwaka 1980 alikwenda Nikaragua akakuta vijana wanne wanatumia kiti kimoja, nao walikuwa wamekirekebisha kwa namna ambazo yeye na wahandisi wenzake hawakuwa wamezifikiria. Tangu hapo Hotchkiss alizunguka dunia akijifunza kwa watu kama hao, na lile gurudumu nene la raba la mbele, lililosambaa nchi nyingi, linaitwa gurudumu la Zimbabwe kwa kuwa ndiko lilikotoka. Fundi alisikiliza, akauliza jambo moja tu:

"Wanne, kiti kimoja?"

"Ndiyo."

"Sisi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikichukua Jumapili, akaenda nacho kanisani." Akanyamaza. "Mimi nilimaliza miaka miwili bila Jumapili."

Pale kwetu Bombolulu, tangu 1969, wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi karakanani kwa ujira, wakitengeneza mapambo na vitu vya kuuza. Nimepita pale tangu utotoni nikiona ni jambo la kawaida. Kwa hiyo nilimuuliza kijana huyu, kama mtu wa Mombasa angeuliza, ni nani anayemlipa. Aliwahi kuwatengenezea wenzake viti vingi bila senti, na juma lile alikuwa na vitatu uani, kimojawapo cha mtoto. Akasema baadhi humletea chakula, wengine mabomba, mchungaji humletea baraka. "Baraka haizibi pancha," akasema, na Daktari, ambaye ni mtu wa kanisa, akacheka mpaka akafuta macho.

Hapa sina budi kusema ninaloliona. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Sheria ya 2003 ilileta baraza la kitaifa na mfuko wake, na mwaka 2025 ikapatikana sheria mpya. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ikiwa imeingizwa katika orodha, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Vyote hivyo nimevisoma na ni vizuri. Lakini mama wa ndizi wa Runyenjes siku gurudumu lilipokwama hakuwa na ibara mkononi. Alikuwa na fundi chini ya mparachichi. Wema wa fundi yule unaifaa serikali kuliko unavyomfaa yeye. Kaunti ikimpa fundi wa namna hii karakana ndogo, mashine ya kuchomelea na ujira wa siku mbili kwa juma, haitakuwa imefanya hisani. Itakuwa imelipa deni. Na nasema hivi nikijua kwamba wenyewe hawakulisema. Waliniambia mambo ya grisi.

Jioni tulikaa uani mwa kijana yule wa Maua. Mkewe alileta uji wa wimbi uliochachuka kidogo, baridi ya Nyambene ikaanza kuteremka, nami nikavaa tena sweta. Kijana akataka kujua bandarini kwetu kuna nini. Vyuma chakavu? Viko. Maduka ya beringi? Yako, mtaa mzima. Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya risiti: beringi za kipimo alichokitaja kwa tarakimu bila kufikiri, tyubu za inchi 24, raba nene za magurudumu ya mbele kama zitapatikana, spoku.

Nikamwambia ninamjua mfanyabiashara mmoja Mombasa ambaye hupenda kutoa sadaka kila Ramadhani, na nikimwendea vizuri huenda akanunua kiti kizima kipya, hata viwili.

"Viti tunavyo," akasema, akaongeza mstari chini ya orodha. "Mwambie grisi. Ndoo, si kopo."